Deni la Kiazi

Katika uwanda wa Kitulo, kusini mwa Tanzania, mvua zikinyesha maua hutanda juu ya majani, hata wenyeji wakapaita mahali pale Bustani ya Mungu. Miongoni mwa maua hayo zimo okidi za ardhini. Uzuri wake u juu ya udongo, na sababu ya kuangamia kwake i chini. Viazi vyake huchimbwa, hupelekwa Zambia, husagwa, huchanganywa na unga wa karanga na kupikwa chikanda. Kung'oa kiazi ni kuua mmea. Mwaka 2005 Kitulo ilifanywa hifadhi ya taifa. Lakini sheria huzuia mkono, haishibishi tumbo.

Elimu imefungua mlango mwingine. Mbegu ya okidi ni kama vumbi, wala haina akiba ya chakula. Mwaka 1899 Noël Bernard wa Ufaransa aligundua kuwa porini huota kwa msaada wa kuvu. Mwaka 1922 Lewis Knudson wa Marekani alionyesha kuwa huota chupani bila ya kuvu, ikipewa sukari na madini. Basi maabara yaweza kulea miche hata ikafanya viazi.

Je, apataye kiazi chupani ameachiliwa deni la mlima? Yuko asemaye kuwa kitu kiwezacho kufanywa tena hakistahili kuliliwa. Huyo husahau kuwa mbegu ya chupani ilitoka mlimani. Mlima ukiwa mtupu, chupa itarithi nini? Yuko mwingine asemaye kuwa wachimbaji wakatazwe tu, mambo yaishe. Huyo hunena ameshiba. Mchimbaji naye ana watoto, na kiazi kwake ni daftari na chumvi.

Haki i kati ya wawili hao. Kiazi cha maabara kina njia mbili za halali: kurudi udongoni kilikotoka mzazi wake, na kuingia shambani mwa maskini aliyekuwa akikichimba. Kikibaki mali ya mwenye chupa, maskini atarudi mlimani na jembe lake, na hapana wa kumlaumu kwa uadilifu. Ufundi wa kuumba upya si ruhusa ya kuharibu. Ni mkopo, na mkopaji mwema hulipa kabla ya kudaiwa.