Usingizi na Hiari ya Mja

Riziki hutafutwa kwa jasho, na elimu kwa kukesha, lakini usingizi ni neema ya namna ya peke yake, kwani mtu kadiri azidivyo kuufuata ndivyo uzidivyo kumkimbia. Na aliyelala chali usiku wa manane, akihesabu saa zilizobaki kabla ya adhana ya alfajiri, hujua bila ya kufunzwa kwamba hiari ya mja ina mpaka.

Dawa za nyumbani hazikosekani. Katika miji ya pwani yetu hupewa mtu maziwa ya moto yaliyotiwa iliki na kungumanga kidogo (na iwe kidogo kweli, maana ikizidi ni sumu, humvuruga mtu akili na kumwendesha moyo mbio), au huambiwa aoshe miguu kwa maji ya uvuguvugu, jambo lenye hekima yake, kwa kuwa miguu ikipata moto mishipa hupanuka, joto la ndani likapata njia ya kutoka, na mwili upoapo ndani ndipo usingizi hukaribia. Wala asikisahau kikombe cha kahawa alichokunywa barazani baada ya Isha, ambacho baada ya saa tano hivi nusu ya nguvu yake ingali imo damuni.

Je, mwenye kushika sababu hizi ameiacha tawakuli? Hasha. Imamu Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, amebainisha kwa urefu kwamba dawa haivunji tawakuli maadamu moyo haukuiegemea.

Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliingia msikitini akaona kamba baina ya nguzo mbili, akaambiwa ni ya Bibi Zainab, ambaye akichoka kwa sala za usiku huishika, akaamuru ifunguliwe, na kila mtu asali awapo na nguvu, akichoka akae. Aghalabu hadithi hii husomwa kuwa ni katazo la kujitesa kwa ibada. Mimi naona yamhusu pia asiyepata usingizi, kwa kuwa naye amejifungia kamba yake, ijapokuwa kwa upande wa pili: ameng'ang'ania azma ya kulala, na juhudi hiyohiyo ndiyo imkesheshayo. Viktor Frankl, tabibu wa Vienna, aliwashauri watu wa namna hii wakusudie kinyume, yaani kukaa macho, ili hofu ya kukesha iwatoke. Na matabibu wa leo humwambia aliyegaagaa kitambo aondoke kitandani.

Akishaondoka, afanye nini? Wapo wamwamuruo asali rakaa mbili ili alale, na hapo mimi nasita. Sala ni kheri, ila kuigeuza tembe ya usingizi ni utovu wa adabu mbele ya Mola, na tena haifai kitu, maana asaliye huku akichungulia kama usingizi umefika bado anaufukuza. Asali kwa ajili ya sala. Usingizi ukija, na uje, na usipokuja, usiku wake haukupotea bure.

Ama yule ambaye hali hii humpata siku tatu au zaidi katika juma, kwa muda wa miezi mitatu, tafadhalini asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Huo ni ugonjwa wenye matibabu, na yatangulizwayo si tembe bali mafunzo ya kubadili mazoea na fikira. Aende kwa tabibu.