Mdogo Wangu, Kadi Unayo

Mdogo wangu, kwanza nyonyesha. Najua tangu ujifungue hujanywa chai ikiwa bado ya moto.

Hujachanganyikiwa. Chupa ya dawa ya mtoto uliiweka mwenyewe juu ya kabati, aliyeihamisha anajijua. Kisha mbele ya wifi zako anakuuliza kwa upole kabisa, "Mke wangu, umesahau tena?" Upole ule ndio sumu. Kofi lingeacha alama, ungepata cha kumwonyesha mtu. Simu nayo imechukuliwa, eti mionzi itamdhuru mtoto. Mama yako akipiga anaambiwa umelala. Dada yako kaja na mtori, karudishwa mlangoni: mzazi hatembelewi mpaka arobaini itimie. Arobaini! Mila waliyoiweka wazee ili mzazi apumzike, alishwe, akandwe, leo imegeuzwa kufuli.

Ukisema utaondoka, unajibiwa, "Nenda, mtoto unamwacha." Hapo ndipo unaponywea. Basi sikia: Sheria ya Ndoa ya Tanzania, ya mwaka 1971, inaanza na dhana kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni heri akae na mama yake. Mahakama inaweza kuona vingine, lakini kwa ushahidi, si kwa kauli ya mtu sebuleni. Na matunzo unayosimangwa nayo ni wajibu wa mumeo kisheria, si hisani.

Sikwambii ubebe mabegi usiku huu. Mwenye mshono hakimbii. Nakwambia jiandae. Mtoto akifikisha wiki 6 ana chanjo, na kadi ya kliniki unayo. Siku hiyo toka. Akikusindikiza, asindikize, ukifika, mwombe nesi muongee wawili, mlango umefungwa. Mweleze maneno unayoambiwa, kama yalivyo. Mwambie na usingizi usiokuja, na machozi. Sonona ya baada ya uzazi ina tiba, na kuwa nayo hakumpi mtu ruhusa ya kukuita kichaa. Ukitishiwa, Dawati la Jinsia na Watoto lipo polisi kwa ajili hiyo.

Namba ya mama iandike kwenye kikaratasi, uifunge kwenye pindo la khanga, pale pale bibi zetu walipofunga hela zao. Simu ya kupigia utaazima hukohuko kliniki.

Mtoto keshashiba. Mweke begani acheue, halafu unihesabie: wiki ya 6 inaangukia siku gani?