Mwaka wa Saba Hauna Kamati

Kwetu safari ina sababu nne zinazoeleweka: msiba, harusi, mgonjwa na kazi. Ukisema unasafiri, mtu anachagua mojawapo kichwani mwake, halafu anakuuliza maswali yanayofuata. Mwaka jana, wiki moja baada ya Pasaka, tulipoaga nyumbani Mkuyuni kwamba mimi na mume wangu tunakwenda Moshi siku nne, wifi yangu alishusha sauti: "Wifi, nani amefariki?" Nikamwambia hakuna. Tunakwenda Marangu kutembea mlimani, kisha tunarudi. Akatulia kidogo. "Wawili tu? Kufanya nini?"

Ni rahisi kulicheka swali hilo, au kuliita umbea. Mimi naona ni swali zito la maadili, na linastahili jibu refu kuliko lile la kusema "kupumzika". Ukilinyoosha linakuwa hivi: watu wawili waliooana wana haki ya kuchukua hela, ambayo ndugu zao wana shida nayo ya kweli, wakaenda nayo kukaa wawili tu?

Niweke hesabu mezani, maana swali la hela bila hesabu ni porojo. Nauli ya basi kwenda na kurudi, gesti usiku tatu, kiingilio cha hifadhi, mwongozaji na chakula: shilingi 450,000 na kidogo. Mwezi huohuo mtoto wa wifi, yuko kidato cha pili, alikuwa anadaiwa shilingi 120,000 za hosteli. Tulitoa nusu. Nusu nyingine mama yake aliikopa kwenye kikoba, kwa riba. Kwa hiyo hapa hatuzungumzi nadharia. Kuna mama aliyekopa, na kuna mimi niliyekwenda kutazama mbega wakiruka kwenye miti.

Mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, aliandika mwaka 1972 makala ambayo hadi leo inawanyima watu usingizi vyuoni. Hoja yake ni nyepesi kuieleza. Ukipita karibu na bwawa ukaona mtoto anazama, utaingia kumwokoa hata kama nguo zako zitachafuka matope. Basi, anasema, kama unaweza kuzuia jambo baya bila kupoteza kitu chenye uzito unaolingana nalo, unapaswa kulizuia, hata kama anayeteseka yuko nchi ya mbali. Wasomaji wa Ulaya na Marekani walishtuka kwa sababu waliambiwa wageni wasiowajua wana dai juu yao. Mtu wa Mkuyuni hawezi kushtuka hivyo. Mtoto wa bwawani ni wa wifi yako, ana namba yako ya simu, na anajua mshahara unaingia tarehe ngapi.

Na dai hilo lina historia. Mimi nimesoma chuo kikuu kwa ng'ombe wa mjomba. Alikuwa anaishi Misungwi, akauza mmoja baada ya mwingine, na hajawahi kwenda mahali popote kwa ajili ya kutazama. Angesema mwaka ule kwamba na yeye anahitaji kupumzika na mkewe, huenda leo nisingekuwa naandika makala hii. Kwa hiyo anayeniambia eti hela yangu ni jasho langu mwenyewe, simwelewi. Jasho langu lina ng'ombe wa mtu ndani yake. Ukianza kujibu swali la wifi kwa kusema "kila mtu na maisha yake", umeshadanganya kabla hujamaliza sentensi.

Sasa, tulifuata nini huko? Watu wa Ulaya mwezi wa nne wana majira yao ya kuchipua, maua yanatoka na watu wanatoka. Sisi tuna masika. Mlima unajificha, njia ni tope, watalii wachache, na gesti zinashusha bei. Ndiyo maana tulichagua wakati huo. Hatukwenda kileleni. Mita 5,895 za Kibo zinahitaji siku kadhaa na hela ambayo hatuna. Tuliingia lango la Marangu, ambalo liko zaidi ya mita 1,800 juu ya bahari, tukatembea ndani ya msitu hadi kituo cha Mandara, zaidi ya mita 2,700, tukala viazi na mayai, tukashuka siku hiyohiyo. Miti imeota ndevu za kijani, maji yanadondoka hata mvua ikiwa imekatika. Kibo tulikiona alfajiri moja tu kutoka gesti, dakika kumi hivi, halafu wingu likafunga.

Nyumba yetu ya vyumba vitatu ina watu saba. Sisemi hivyo kulalamika, ndiyo maisha. Ila katika nyumba ya namna hiyo mazungumzo ya mume na mke yanakuwa taarifa: gesi imeisha, luku imebaki yuniti mbili, fulani amepiga simu. Mwaka wa saba wa ndoa tulikuwa kama wahasibu wawili wanaoheshimiana. Njiani, kati ya lango na Mandara, mume wangu aliniambia kwamba ana miezi minane anameza vidonge vya presha. Anaviweka kwenye droo ya ofisi ya walimu. Hakuwa amepata mahali pa kusemea. Ameniruhusu kuandika hili.

Ningeweza kuishia hapo na kudai nimeshinda kesi: tazama, safari imeokoa maisha. Sitaki, kwa sababu itakuwa hila. Hatukujua kwamba tunakwenda kufuata habari hiyo. Kama tungeshuka mlimani bila kuambiana lolote zaidi ya kwamba viatu vimelowa, je, haki ya safari ingepungua? Nadhani hapana. Msiba hauulizwi umeleta faida gani. Tunakwenda kwa sababu tunaamini mtu aliyefiwa hapaswi kuachwa peke yake. Na ndoa ni uhusiano kama uhusiano mwingine. Una haki ya kutunzwa kabla haujaonyesha cheti cha daktari.

Hapa ndipo hoja ya wifi inapoanza kuyumba, kwa sababu jamii yetu haisemi kwamba ndoa haistahili hela. Inasema kinyume chake, kwa sauti ya spika. Mwaka huohuo wa safari, mimi na mume wangu tulichangia harusi nne. Kadi ya wawili tu inakula 150,000 kirahisi, bado hujagusa kitchen party, sendoff na sare. Jumla ya michango yetu ilizidi gharama ya Marangu, na hakuna aliyeuliza kama kuna mtoto anadaiwa hosteli. Harusi ina mwenyekiti, mweka hazina, vikao kila Jumapili na kundi la WhatsApp linalokumbusha ahadi hadi usiku. Jumamosi moja inameza mamilioni. Jumatatu kamati inavunjwa, maharusi wanabaki na mapazia mapya na makapu ya zawadi. Mwaka wa saba hauna kamati.

Na tazama hela nyingine isiyoulizwa. Euphrase Kezilahabi, wa hapa jirani Ukerewe, alituonyesha katika Rosa Mistika, mwaka 1971, nyumba ya Zakaria na Regina: mume anayekunywa, mke anayebeba nyumba. Nusu karne imepita na bado bia za wiki nzima za mwanamume zinahesabiwa kama hali ya hewa, kitu kinachotokea tu. Hela ikiondoka kidogokidogo kwa mmoja kumkimbia mwenzake, tunasema "ndivyo wanaume walivyo". Ikiondoka mara moja kwa wawili kukaa pamoja, tunaita anasa. Hapo shida haiwezi kuwa gharama yenyewe, maana za bia na harusi ni kubwa zaidi. Nadhani kinachoudhi ni ule mlango uliofungwa. Watu wawili wameondoka kwa hiari yao mahali wanapoweza kuombwa.

Lakini tusidanganyane kwamba mlima ni dawa. Hadithi maarufu kuliko zote kuhusu wawili na mlima huu ni ya Ernest Hemingway, "The Snows of Kilimanjaro", ya mwaka 1936. Hela ipo tele, tena ya mke. Muda upo, watumishi wapo. Na mume yuko kitandani kambini, mguu unaoza kwa mwiba uliomkwaruza, anamchoma mkewe kwa maneno, na sehemu ya hasira yake ni kwamba ameishi kwa fedha za huyo mwanamke. Kilele anakifikia katika ndoto ya kufa tu. Ukiisoma baada ya kwenda mwenyewe unaona jambo: safari haiongezi kitu ambacho hamkubeba. Inatoa nafasi tu, na nafasi mnaweza kuijaza sumu.

Kuna mtu mwingine katika hesabu hii. Tulipokuwa tunashuka tulikutana na wapagazi wanarudi kutoka juu, mizigo kichwani. Kanuni za hifadhi zinaweka kikomo cha kilo 20 kwa mpagazi. Kijana mmoja alipumzika karibu nasi, tukasalimiana, akauliza tumetoka wapi. Aliposikia Mwanza akacheka: "Mmetoka kwenye ziwa mnakuja kwenye baridi?" Kibo amefika mara ambazo hazihesabu tena. Mume wangu akamuuliza kama amewahi kuja huku na mkewe. Akamtazama kama mtu aliyeulizwa kama amewahi kumpeleka mkewe kiwandani. "Huku ni kazini, kaka. Mimi nikipata nafasi, tutakuja kwenu tuone ziwa."

Nimelifikiria sana jibu hilo. Pale nyumbani ukishuka kidogo unaliona ziwa, na ng'ambo ya maji kiko Kisiwa cha Saanane, kilichofanywa hifadhi ya taifa mwaka 2013, mwendo mfupi wa boti kutoka mjini. Watu wengi wa mtaani kwangu hawajawahi kukanyaga. Kwetu ziwa ni dagaa, ni kufua, ni mafuta ya boti. Kumbe mapumziko ya mmoja ni kazini kwa mwenzake, kila upande. Hilo halifanyi mapumziko kuwa dhambi. Linaweka sharti: mpagazi na mwongozaji walipwe sawasawa, bila kupunguziwa eti kwa sababu sisi ni wazawa wenzao. Na ukikubali kwamba kijana yule anastahili kuleta mkewe Mwanza, umeshakubali kwamba kupumzika wawili hakukuumbwa kwa ajili ya Wazungu wala wenye vyeo. Anastahili yeye, na wifi yangu, na mjomba alistahili.

Basi deni la undugu tulifanyeje? Mwaka 1962, katika kijitabu chake cha Ujamaa, Mwalimu Nyerere aliikumbusha nchi methali ya mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huikumbuka kama methali ya kuhimiza kazi. Mimi naisoma pia kama methali ya mipaka. Wazee walioamini ukarimu kuliko sisi waliuwekea hesabu ya siku, na walijua kwamba wema usio na kikomo unamchosha mwenye nyumba mpaka anaanza kujificha mgeni anapobisha. Deni ambalo halijulikani linaishia wapi linakufundisha uongo.

Na uongo ndio ninaouona pande zote. Nawajua wanandoa wanaoaga kwamba wanakwenda semina, kumbe wako Bukoba gesti. Wengine wanasema mgonjwa amelazwa Dodoma. Wanatumia mgonjwa wa kubuni kununua siku mbili za kuwa pamoja. Huo, kwangu, ni uharibifu mkubwa kuliko shilingi 450,000. Ndugu ananyimwa hata nafasi ya kukasirika kwa haki.

Kwa hiyo jibu langu kwa wifi ni hili, na nilimwambia uso kwa uso. Ndiyo, wawili tu. Sehemu ya hela yetu ni ya mwanao, na tutaendelea kuitoa kila muhula. Sehemu nyingine, ndogo, ni ya ndoa ya kaka yako, na haiguswi kwa kitu ambacho hakijafika hospitali. Hakulipenda. Alininunia hadi mwezi wa sita, na bado sijui kama ameridhika au amechoka kununa. Riba aliyolipa ni ya kweli, siwezi kuifuta kwa makala.

Kikoba chetu sisi kinamama wa mtaani kina mfuko wa msiba na mfuko wa ugonjwa. Kikao kimoja nilipendekeza cha tatu: shilingi 2,000 kila wiki kwa kila mwanachama, na kwa zamu mmoja wetu aondoke na mwenzake siku mbili popote, hata Saanane. Walicheka hadi mweka hazina akafuta machozi. Hoja haikupita. Ila tulipotawanyika, mama mmoja wa makamo, wajukuu watatu nyumbani, alinifuata hadi kona ya barabara akaniuliza taratibu: ile nauli ya Moshi, ni ya kwenda tu au na kurudi?