Mgeni Aliyekuja na Jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawakutuambia tufanyeje na mgeni tuliyemwita wenyewe, tukamkabidhi jembe siku ile ile aliyofika, akalima vizuri, halafu akaanza kulima hadi shamba la jirani.

Shangazi yangu analima mwani Kibuyuni, kule Kwale. Maji yakipwa ya bamvua, yeye na wenzake hujifunga leso viunoni wakaingia baharini kufunga vipande vya mwani kwenye kamba zilizotandazwa kati ya vijiti. Baada ya wiki kadhaa wanavuna, wanaanika, mnunuzi anakuja. Huko ng'ambo mwani hutolewa kitu cha kugandisha, kinatiwa kwenye dawa ya meno na aiskrimu. Pesa si nyingi, lakini ndizo zilizonilipia karo ya sekondari. Kwa hiyo nikizungumzia mwani, mimi si msemaji asiye na upande.

Baadaye nilipata kibarua na timu ya utafiti. Kazi yangu ilikuwa kuogelea na fremu ya mraba, kuilaza juu ya mwamba, na kuhesabu kilichomo. Siku moja, mbali kidogo na kamba za mashamba, nilikuta kishada cha mwani wa kulimwa kimejishika kwenye tumbawe. Hakuna mtu aliyekifunga pale. Nilipokiinua, tumbawe chini yake lilikuwa limepauka. Nikaogelea mbele, nikaona cha pili.

Fomu yangu ilikuwa na safu tatu: wa asili, mgeni, vamizi. Nilikaa na ile penseli muda mrefu.

Hebu tulitazame neno hilo, vamizi. Mvamizi huja usiku, bila hodi. Lakini mbegu ya mwani huu ilitoka Ufilipino, ikafika Zanzibar mwaka 1989 kwa ajili ya kilimo, ikapokelewa kwa mikono miwili. Hawaii nako waliuleta mwani wa jamii hii miaka ya 1970, wakauweka kwenye ghuba ya Kāneʻohe. Ukatoroka, ukafunika matumbawe. Ikabidi wapiga mbizi waufyonze kwa mashine iliyofungwa kwenye jahazi, kisha wakafuga wanyama wale wa mviringo wenye miiba na kuwaachilia wautafune. Mnyama huyo huyo, huku kwetu Diani, aliwahi kuzidi akala majani ya bahari hadi tukamwona adui. Basi uovu si wa mnyama wala wa mwani. Neno vamizi linamtaja aliyeletwa na kumsahau aliyemleta.

Nikajiambia ninyamaze. Vishada viwili, kwani ni nini katika bahari nzima?

Lakini wapi. Mwaka 1984 huko Monaco, chini ya jumba la makumbusho ya bahari, mwani mwingine wa kigeni ulionekana ukiwa kiraka cha kama mita moja ya mraba. Watu wakabishana ni kosa la nani. Wakati wanabishana ukasambaa hadi ukafunika maelfu ya hekta za Mediterania. California walipouona mwaka 2000, waliufunika kwa maturubai na kutia klorini mara moja. Mwaka 2006 wakatangaza umekwisha. Vishada viwili ndivyo vinavyowezekana kung'olewa. Kunyamaza kungekuwa kumhifadhia shangazi hasara, si kumwonea huruma.

Nikajiambia basi niandike vamizi, niende zangu. Ni ukweli. Lakini ukweli huo ungepanda gari hadi kwenye ofisi ambayo shangazi hana kiti. Kama uamuzi ungekuwa kufunga mashamba, aliyeleta mbegu asingeulizwa kitu, na aliyefundishwa kuifunga ndiye angelala njaa. Kusema ukweli kuhusu riziki ya mtu nyuma ya mgongo wake ni nusu ya ukweli. Naamini ukweli una mpangilio: wa kwanza kuambiwa ni yule utakayemuumiza.

Jioni nikaenda kwake. Nikamweleza. Akaendelea kukuna nazi.

"Kwani wewe ndiyo umeuona leo, mwanangu? Mimi nauona kila kusi. Kamba zikikatika, mwani unakwenda zake."

"Mbona hukusema, shangazi?"

"Ningemwambia nani? Waliniuliza nimevuna kilo ngapi. Hawakuniuliza zimepotea ngapi. Na ningesema, si wangetuambia tuache?"

Hapo niligundua kwamba penseli niliyodhani ni yangu peke yangu, yeye alikuwa ameishika miaka yote.

Niliandika vishada viwili, tarehe na mahali. Kwenye safu nikaweka alama kwenye mgeni, kwa sababu viwili havijathibitisha zaidi ya hapo. Chini, kwenye nafasi ya maoni, nikaandika kwa idhini yake kwamba wakulima huona vipande vikitoroka kila kusi, na kwamba kuviokota ni kazi inayostahili malipo.

Siku hizi, bamvua ikija, shangazi anamaliza kamba zake kisha anazunguka miambani na kiroba kuokota vilivyokatika. Halipwi. Mimi nililipwa kwa kuvihesabu.