Jenerali Huyo Alikula Nini?

Mjukuu wangu, keti. Nguvu za kupandisha sauti sina tena. Nimekusikia ukibishana na wenzako juu ya hizo video, ukiapa kwamba Paul von Lettow-Vorbeck, yule kamanda wa Wajerumani huku Afrika Mashariki katika Vita vya Kwanza vya Dunia, hakupata kushindwa. Hodari alikuwa, sikatai. Novemba 1914 pale Tanga aliwatimua Waingereza na askari wao wa Kihindi wakarudi melini, ingawa walimzidi mno kwa idadi. Akawazungusha miaka minne, akavuka Ruvuma hadi Msumbiji, na silaha akaziweka chini Abercorn, siku hizi Mbala ya Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, vita vimekwisha Ulaya wiki mbili nzima.

Sasa niambie, alikula nini? Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza. Alikula vya watu. Ugogo, katikati ya Tanganyika, majeshi yote mawili yalichukua nafaka, ng'ombe na vijana, kisha mvua ikakataa. Njaa iliyofuata Wagogo waliiita Mtunya.

Na kabla ya kuja huku, alikuwa Namibia mwaka 1904 chini ya Jenerali von Trotha, Waherero walipofukuziwa jangwani wafe kwa kiu. Video hazikukwambia?

Usidhani Waingereza waliomfukuza walikuwa bora. Malori yalikwama matopeni, nyumbu wakafa kwa mbung'o, mzigo ukapanda kichwani mwa mtu mweusi. Mwaka 1917 machifu walibanwa watoe vijana wa kubeba mizigo, aliyejificha alisakwa. Kutoka Kenya peke yake walikufa wapagazi zaidi ya 40,000, wengi wao bila kuguswa na risasi. Ni kuhara damu, malaria, na unga usioiva. Hapa Kariokor, Nairobi, unapokula nyama choma na kununua akala, ndipo ilipokuwa kambi yao. Mishahara ya wafu ambao jamaa zao hawakupatikana ilibaki serikalini.

Jenerali wako alifia Hamburg mwaka 1964, mzee wa miaka 93. Mwaka huohuo Bunge la Ujerumani Magharibi likakubali kuwalipa malimbikizo ya mishahara askari wake waliosalia Tanganyika. Nusu karne baadaye, mwanangu!

Kusoma habari za vita sikukatazi. Ila kesho ukishuka mjini, pita Kenyatta Avenue kwenye zile sanamu tatu za kumbukumbu ya vita hivyo. Mmoja wao ni mpagazi. Mtazame huyo kwanza, halafu uje unisimulie Tanga.