Isombe ya Bure

Muhula uliopita nilisimama mbele ya wenzangu katika semina kutetea chakula cha nyumbani. Nilidai kwamba familia yenye akarima k'igikoni, ile bustani ndogo ya mboga ambayo serikali yetu ya Rwanda imehimiza kila kaya iwe nayo ili kupambana na utapiamlo, hula vizuri bila gharama. Nikatoa mfano wa kwetu: tuta la mviringo lililozungushiwa mawe, dodo, karoti, bilinganya, na nyuma yake mihogo inayotupa majani ya isombe, yaani kisamvu. "Isombe ya nyumbani ni ya bure," nikasema. Mhadhiri akauliza swali moja tu: "Nani huyatwanga majani hayo?" Nikajibu, "Dada yangu." Darasa likacheka, nami nikacheka. Lakini swali lile nimeondoka nalo hadi leo.

Asiyeijua kazi hiyo aelewe kwamba majani mabichi ya muhogo yana sumu ya sianidi. Hutwangwa kwenye kinu mpaka yalainike kabisa, kisha huchemshwa kwa muda mrefu ili sumu itoke. Ndipo huongezwa bilinganya, vitunguu, mawese na karanga zilizosagwa. Anayeharakisha huhatarisha walaji. Na kabla ya kinu kuna maji: kuanzia Juni hadi Agosti, wakati wa kiangazi, tuta letu hukauka, na dada ndiye huleta madumu kutoka bombani. Saa hizo mimi nilikuwa mezani na vitabu. Mtihani wa mwisho wa sekondari mimi nilifaulu. Alama zake yeye hazikumfikisha chuoni. Sisemi kinu ndicho kilichomwangusha. Siwezi pia kusema hakikuhusika.

Azimio la Arusha la mwaka 1967, ambalo wengi wetu tumelisoma kwa ajili ya lugha yake, linasema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini hufanya kazi kuliko watu wengine wote, na kwamba wanaume wa huko hukaa likizo nusu ya maisha yao. Nililipita fungu hilo nikitafuta nomino.

Je, dawa ni kuitia kazi hiyo bei? Nilijaribu. Nilimwambia mama tununue sokoni majani yaliyokwisha sagwa, nikamwonyesha hesabu ya saa ambazo zingeokolewa. Akaniuliza, "Sasa unanihesabia chakula ninachowapa watoto wangu?" Niliona aibu, na bado naamini alikuwa na haki. Anachotupa mama ni zawadi, na zawadi ikiandikiwa saa na faranga inageuka kitu kingine. Huenda wanaotaka kila kazi ya jikoni ilipwe hawajawahi kumwona mama akingoja mtu aonje kwanza.

Ila zawadi ni kile ambacho mtoaji angeweza kukizuia. Mama anaweza kusema leo sipiki, nasi tutakula mihogo ya kuchemsha. Dada hawezi. Yeye huitwa, naye huja. Kwenye sahani ileile, basi, kuna kilichotolewa na kuna kilichochukuliwa, na ulimi hautofautishi. Sisi tunaosifu chakula cha nyumbani huvichanganya vyote viwili na kuviita upendo, kwa sababu inatufaa.

Likizo iliyofuata niliushika mchi. Jirani alisimama penye ua akaniuliza kama dada yangu anaumwa. Baada ya robo saa malengelenge yalinitoka kiganjani, na mama alipochungulia kinuni akaona majani hayajalainika. Akamwita dada. Dada alikuwa chumbani na kitabu chake, anajiandaa kurudia mtihani, naye, kwa mara ya kwanza nijuavyo, akajibu kwamba ana kazi. Mama alinyamaza, akaniangalia, akarudi jikoni. Siku hiyo tulikula saa nne usiku.