Wa Nane Hakuitwa

Somo: 1 Samweli 16:6–13



Leo naanza kwa kutubu. Matokeo ya KCSE yalipotoka, niliwaita vijana wetu mbele niwaombee. Wa kwanza, ambaye baba yake ana duka la jumla, alikuwa na C. Nikamuuliza, "Unataka kuwa nani?" Akajibu, "Daktari." Nikapaza sauti, "Pokea!" Mkapiga makofi.

Akafuata binti mwenye B. Mama yake hufulia watu nguo. Akasema, "Pasta, nitatafuta kazi ya saluni." Nikasema, "Amina, ubarikiwe." Nikapita.

Usiku huo sikulala. Chuo kikuu kinaanzia C+. Mbona mwenye C anaota udaktari, na mwenye B anaomba saluni? Kusuka si aibu, kumesomesha watoto wengi hapa. Lakini binti huyu hakuchagua saluni. Huo ndio mlango pekee aliowahi kuuona wazi.

Sasa twende kwa Yese. Samweli alipomwona Eliabu, kimo na sura, alidhani ndiye. Wana saba wakapita. Wa nane hakuitwa hata kwenye foleni, yuko malishoni. Baba mzazi hakumhesabu! Samweli akauliza kama kuna mwingine, akakataa kuketi mpaka aletwe.

Samweli alikataa kuketi. Mimi niliketi.

Jumatatu nikaenda kwao. Nikamuuliza, "Kama si karo, ungesomea nini?" Akainama. "Uuguzi. Lakini Pasta, sisi tutatoa wapi?" Hakuna aliyekuwa amemweleza kuhusu mkopo wa HELB wala basari ya NG-CDF. Mtoto wa mwenye duka husikia mambo hayo mezani wakila. Huyu angeyasikia wapi, kama si kanisani? Ameniruhusu niwaandikie haya.

Na yule wa C nilimkosea pia. Nilimpa kelele badala ya ukweli. C inamfungulia diploma, na hapo ndipo tungeanzia mazungumzo.

Basi Jumapili hii, baada ya ibada, wauguzi, walimu, mafundi wa stima, msikimbilie matatu. Kila mmoja akae na kijana mmoja, amwonyeshe njia aliyopitia yeye. Nanyi wazazi, msiwaambie watoto, "Hayo si ya watu kama sisi." Omba, halafu uliza.

Tusiketi mpaka wa nane aje. Amina.